Kugatuliwa au Kupokezana? Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano na Misaada Wakati wa Maafa

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwa wafasiri siku hizi, yako yanayohusu namna ya kuwaokoa na kuwasaidia watu baada ya gharika, tufani au tetemeko la ardhi kwa kutumia vyombo vipya vya mawasiliano. Maandishi hayo huja na neno moja la Kiingereza ambalo kwa kawaida hufasiriwa 'iliyogatuliwa': teknolojia iliyogatuliwa, mtandao uliogatuliwa, mfumo wa ugavi uliogatuliwa. Tafsiri hiyo imekwisha kuzoeleka, na wengi wetu huiandika bila ya kusita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika mambo ya maafa tafsiri hiyo inapotosha, na kwamba kosa lake si la pambo la lugha tu. Inamficha mtumishi wa serikali jambo ambalo ndilo analopaswa kuliuliza kwanza: chombo hiki kiko mikononi mwa nani, na mwenye nacho akishindwa kufanya kazi huko aliko, je, huku kitaendelea?

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kugatua, kama neno linavyotumika leo, ni kutoa madaraka mahali pa juu na kuyapeleka mahali pa chini. Nchini Kenya, baada ya Katiba ya 2010, ugatuzi limekuwa jina la utaratibu uliozipa kaunti 47 serikali zao. Nchini Tanzania, ugatuaji wa madaraka ni maneno ya kila siku katika ofisi za serikali za mitaa. Kote kuwili yuko mwenye kutoa na yuko mwenye kupewa. Tena kitenzi hicho kikiwekwa katika kauli ya kutendwa, Kiswahili hudai jibu la swali: imegatuliwa na nani? Msomaji asipotajiwa mtendaji humtafuta mwenyewe, na katika habari za maafa humpata upesi. Atasema ni Serikali, au shirika la misaada, au kampuni ya simu.

Watumishi wa umri mkubwa wanakumbuka jinsi neno la namna hii linavyoweza kubeba mambo mawili yanayopingana. Mwaka 1972 Tanzania ilianzisha utaratibu ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri na fupi, na lilieleweka hata kwa asiyesoma. Lakini chini ya jina hilo halmashauri zilizochaguliwa na wananchi ziliondolewa, na waliopelekwa mikoani na wilayani kushika kazi zao walikuwa ni watumishi wa Serikali Kuu. Halmashauri za wilaya zilirudishwa kwa sheria ya 1982 na kuanza tena kazi 1984. Sisemi haya ili kufufua ubishi wa siasa. Nayasema kwa kuwa yanaonyesha jinsi msomaji wa waraka awezavyo kudhani kwamba amepewa kitu, kumbe kitu hicho kimesogezwa karibu naye tu. Kufungua matawi ya makao makuu ni jambo moja. Kutokuwa na makao makuu ni jambo jingine kabisa.

Wahandisi walilitenga jambo hili mapema. Mwaka 1964 Paul Baran, mhandisi wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya RAND, alichapisha michoro mitatu ambayo imekuwa mashuhuri. Alikuwa akitafuta aina ya mawasiliano ambayo adui hataweza kuyakata yote kwa pigo moja. Mchoro wa kwanza ni wa nyota: nukta zote zimefungwa kwenye nukta moja iliyo katikati. Wa pili ni wa nyota kadha ndogo zilizoungwa pamoja. Wa tatu hauna nyota. Kila nukta imeungwa na jirani zake, mfano wa wavu wa mvuvi. Neno la Kiingereza tunalolifasiri 'iliyogatuliwa' Baran alilitumia kwa mchoro wa pili, na mchoro wa tatu akaupa jina jingine. Leo wenye kuuza vyombo hulitumia kwa ule wa tatu, na pengine, kama tutakavyoona, hata kwa ule wa kwanza. Basi mfasiri anayeandika 'iliyogatuliwa' kila alikutapo neno hilo amebandika jina moja kwenye michoro yote mitatu, na aliyemkusudia ampe nuru amemwacha gizani.

Tofauti ya michoro hiyo haionekani siku ya jua. Tufani Maria ilipoipiga Puerto Rico tarehe 20 Septemba 2017, Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilitangaza kesho yake kwamba vituo vya simu za mkononi vipatavyo asilimia 95 kisiwani humo havifanyi kazi. Watu walikuwa na simu mifukoni, lakini simu ya mkononi kwa kawaida haisemi na simu iliyo jirani yake. Husema na mnara, na mnara husema na makao yake. Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba wapelekwe waendeshaji redio wa ridhaa 50. (Hilo neno 'ridhaa' tumelichukua kutoka michezoni, nalo linafaa zaidi kuliko 'redio za kizamani', jina ambalo nimewahi kulikuta, kana kwamba chombo kinachosema wakati vingine vyote vimenyamaza ni cha kuwekwa makumbusho.)

Mfano ulio wazi zaidi wa mchoro wa tatu unapatikana Red Hook, mtaa ulio kando ya maji katika Brooklyn, jijini New York. Kabla ya tufani Sandy kufika jijini humo tarehe 29 Oktoba 2012, asasi ya mtaani iitwayo Red Hook Initiative ilikuwa imeanza kufunga juu ya mapaa vyombo vichache vya kurushia mawasiliano, kila kimoja kikisemezana na kilicho jirani yake. Maji yaliingia mtaani na umeme ukakatika. Jengo la asasi ile lilisalimika, na wakazi wakalifanya mahali pa kukusanyika, kuchaji simu na kupata habari. Kisha FEMA, yaani shirika la Serikali ya Marekani linaloshughulikia maafa, likaunganisha hapo chombo chake cha setilaiti, na vile vyombo vya mapaani vikayachukua mawasiliano hayo na kuyafikisha kwa majirani. Tuzingatie kilichotokea. Serikali ilileta kiungo cha nje, nacho kilikuwa na faida kubwa. Lakini njia za ndani ya mtaa hazikutoka Serikalini. Hazikugatuliwa na mtu. Zilikuwa za mtaa tangu zilipofungwa, na Serikali ilipofika ilizikuta.

Mtandao wa aina hii huitwa na baadhi ya wafasiri 'mtandao wa matundu'. Asili ya tafsiri hiyo yaonekana: neno la Kiingereza lataja macho ya wavu, na mfasiri akaandika alichokiona, yaani tundu. Mvuvi wa Kilwa au Mafia atashangaa. Kwake yeye tundu ndilo linalopimwa na afisa wa uvuvi ili samaki wadogo wapite. Kinachouzuia wavu usifumuke ni fundo. Uzi ukikatika mahali pamoja, mfumuko hukomea kwenye fundo la karibu, na sehemu iliyosalia huendelea kuvua. Hiyo ndiyo sifa aliyoitaka Baran, nayo imo katika fundo wala haimo katika tundu. Zaidi ya hayo, ofisini maneno 'mtandao wa matundu' husikika kama mtandao unaovuja. Nisingependa kuwa mfasiri aliyepewa kazi ya kumshauri Mkuu wa Wilaya anunue mtandao wenye matundu. Wako pia wanaosema 'mtandao wa wavu'. Hiyo ni afadhali, ila mtandao na wavu hukaribiana mno kwa maana, na jina huwa mfano wa kusema 'safari ya kusafiri'.

Mimi napendekeza mtandao wa kupokezana. Kila mtoto aliyepita shuleni anazijua mbio za kupokezana vijiti, na ujumbe katika mtandao huu husafiri kwa namna hiyo hiyo. Hauendi kwanza makao makuu ndipo urudi. Huchukuliwa na chombo cha jirani, nacho hukipa cha pili, mpaka umfikie anayehusika. Tofauti ni moja, nayo ni ya heri: katika mbio, mkimbiaji akianguka timu imeshindwa, hapa chombo kikizimika ujumbe hutafuta mkono mwingine. Ama kile chombo chenyewe kinachopokea na kutoa, nodi ni neno lililokwisha kuenea na halina madhara; anayependa kuandika fundo na aandike.

Msomaji atakuwa ameona kwamba istilahi hiyo imejengwa kwa kauli ya kutendana, na hapo ndipo kilipo kiini cha hoja yangu. Kiingereza, katika jambo hili, kinategemea jina moja lililochoka kwa kubebeshwa mizigo. Kiswahili kina mnyambuliko wa vitenzi, ambao kila mwalimu wa darasa la tano huufundisha na kila mfasiri huusahau afikapo mezani. Kupasha habari, kupashwa habari, kupashana habari: katika tendo la kwanza yuko mwenye habari, katika la pili yuko anayengoja, katika la tatu hakuna aliye juu ya mwenzake. Hatuhitaji kuunda neno jipya ili kuonyesha ni nani anayetegemea nani. Kiambishi kimoja chatosha, mradi tukiweke mahali pake.

Wazee wetu hawakuwa na setilaiti, lakini tofauti hii waliipa majina. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ina mwenyewe, hupigwa kwa amri, na kazi ya raia ni kusikiliza. Yowe halina mwenyewe. Nyumba ikishika moto usiku, anayeona hupiga yowe, anayesikia hulipokea na kulipeleka mbele huku akikimbilia linakotoka. Mpiga mbiu akiugua, mbiu imenyamaza. Yowe haliwezi kunyamazishwa kwa kumwondoa mtu mmoja. Hata hivyo yowe nalo lina ila yake, kwamba haliulizwi ukweli wake mpaka watu wamekwisha kufika na marungu, ilhali mbiu ina mtu wa kumhoji ikiwa si kweli. Kwa hiyo sielewi ni kwa nini onyo la hali ya hewa linalotolewa na mamlaka moja na kutumwa kwa simu zote liitwe mawasiliano yaliyogatuliwa. Hilo ni mbiu, tena ni mbiu njema, na linastahili jina lake.

Kwa mfumo ambao kweli hauna nukta ya kati, nashauri tuseme usio na kitovu. Mwenye kejeli ataniambia kwamba asiye na kitovu ni Adamu peke yake, lakini neno kitovu limekwisha kukubalika kwa maana ya mahali pa kati penye nguvu, na kauli ya ukanusho haimtaji mtoaji wa uongo. Mchoro wa pili wa Baran tuuite wenye vitovu vingi. Kugatua tukuachie kazi yake ya halali, pale ambapo aliyekuwa na madaraka ameyatoa kwa sheria au kwa mkataba. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya Tanzania ya 2022, kwa mfano, inaweka kamati tangu ngazi ya Taifa hadi ya kijiji na mtaa. Hapo sheria imetoa kazi na madaraka, na anayezungumza juu ya ugatuzi hakukosea. Asichoweza kusema ni kwamba simu ya mwenyekiti wa kijiji imegatuliwa. Mnara ukianguka, kamati ya kijiji ina madaraka yake yote na haina pa kuyasemea.

Katika ugawaji wa vitu mambo ni yayo hayo, ila hapa hatari ya maneno ni kubwa zaidi kwa kuwa vitu huibwa na maneno hayaibwi. Baada ya tufani hiyo hiyo ya Sandy, watu waliotokana na maandamano ya Occupy Wall Street ya 2011 walianzisha utaratibu wa misaada ulioitwa Occupy Sandy. Hawakuwa na mkurugenzi. Makanisa, likiwamo moja la Mtakatifu Luka na Mtakatifu Mathayo huko Brooklyn, yaligeuka kuwa maghala na vituo vya kupangia kazi. Mbinu yao moja yafaa kusimuliwa. Duka la Amazon huwaruhusu maarusi kuandika orodha ya zawadi wanazozitaka ili ndugu na jamaa wawanunulie. Wajitoleaji wale waliandikisha arusi isiyo na bwana wala bibi, na katika orodha wakaweka vitu vilivyohitajika mitaani, kama vile mablanketi, tochi na nepi. Mtu aliye mbali alilipia kimoja, nacho kikaletwa kwa wenye kuvihitaji. Yeyote aliyewahi kufungua bohari ya misaada na kukuta marundo ya nguo kuukuu ambazo hakuna aliyeziomba, anajua thamani ya orodha iliyoandikwa na walio karibu na shida.

Je, utaratibu huo tuuite usio na kitovu? Katika kuamua kinachohitajika, ndiyo. Katika kununua na kusafirisha, la hasha: Amazon ni kitovu kimoja kikubwa, chenye maghala yake, magari yake na masharti yake. Hili ni somo kwa mfasiri. Sifa ya kutokuwa na kitovu haisemwi juu ya mfumo mzima kwa jumla kama tunavyosema nguo ni nyeupe. Husemwa juu ya tendo fulani ndani ya mfumo, na pale ambapo maandishi ya asili hayataji tendo, mfasiri ana haki na wajibu wa kuuliza.

Vitenzi vya kueleza matendo hayo tunavyo. Kugawa ni kwa mwenye bohari. Kugawiwa ni kwa anayepanga foleni. Kugawana ni kwa waliokaa pamoja wakakubaliana. Neno ugavi, ambalo limeshika mizizi katika idara za Serikali na katika taaluma yake, ni sahihi kwa kazi ya ofisi, na mnyororo wa ugavi pia tumeuzoea. Lakini yote mawili yanatazama mambo kutoka upande wa bohari. Pingamizi la watu wa hesabu nimekwisha kulisikia: kwamba kugawana kunanuka uporaji, kwa sababu majambazi hugawana, na warithi wasioelewana hugawana kabla maiti haijapoa. Ni kweli. Lakini wakulima nao hugawana maji ya mfereji kwa zamu, na wanaushirika hugawana ziada mwisho wa mwaka, na hapo hakuna anayeita polisi. Kinachotenganisha kugawana kwa wanaushirika na kugawana kwa majambazi ni daftari.

Na daftari ndilo linalotuleta kwenye istilahi ngumu kuliko zote katika fungu hili, ile ya teknolojia ya kuhifadhi kumbukumbu ambayo baadhi ya wafasiri huiita 'mnyororo wa vitalu'. Tafsiri hiyo imezaliwa kwa kamusi, wala si kwa akili. Kitalu, kwa Mtanzania, ni mahali pa kuoteshea miche, au ni eneo la uwindaji, au ni sehemu ya bahari inayotafutwa gesi. Afisa anayesoma kwamba unga wa msaada utafuatiliwa kwa mnyororo wa vitalu ana haki ya kudhani kwamba Wizara ya Maliasili imeingia katika jambo hilo. Aliyeandika 'blokicheni' amefanya vizuri zaidi, kwa kuwa neno lisilo na maana ni bora kuliko neno lenye maana isiyo yake.

Lakini hebu tutazame kitu chenyewe. Ni leja. Kila ukurasa mpya wa leja hiyo hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo katika ukurasa uliotangulia, hata mtu akifuta tarakimu katika ukurasa wa nyuma, alama za kurasa zote zinazofuata hazipatani tena. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba nakala za leja huwekwa na watu wengi wasio chini ya mkubwa mmoja, ili anayetaka kuandika upya leja yote akute kwamba nakala za wenzake zinamkana. Mambo haya mawili hayalazimiani. Laweza kuwapo la kwanza bila la pili. Na jina la Kiingereza, pamoja na tafsiri zetu zote, hutaja la kwanza tu. Mnyororo umetajwa; wanaoushika hawakutajwa.

Matokeo ya upungufu huo yalionekana Jordan. Walengwa wa huko walikuwa ni wakimbizi wa vita ya Syria, wala si watu waliopigwa na gharika, lakini utaratibu wa kuwapatia chakula ni wa aina ile ile. Mwaka 2017, baada ya jaribio dogo katika jimbo la Sindh, Pakistan, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia leja ya namna hii katika kambi ya Azraq, kwa watu wapatao 10,000 mwanzoni. Mkimbizi hakuhitaji fedha wala kadi. Alipofika kwenye malipo ya duka la kambini alitazama ndani ya chombo, jicho likapimwa na kulinganishwa na kumbukumbu za shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na thamani ya vitu alivyochukua ikapunguzwa katika hesabu yake. Faida ilikuwa ya kweli: ada zilizokuwa zikilipwa kwa mabenki zilipungua sana. Lakini leja ile ilikuwa ya faragha, na mwanzoni mwenye kuiendesha alikuwa ni shirika hilo peke yake. Baadaye shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wanawake likajiunga. Wakimbizi wenyewe hawakuwa na funguo za hesabu zao. Kurasa zilifungamana vizuri, lakini kwa mchoro wa Baran tulikuwa bado katika nyota.

Silaumu mpango wenyewe. Njaa haingoji michoro. Nalaumu habari zake zinapofasiriwa 'teknolojia iliyogatuliwa ya kuwapa wakimbizi madaraka', kwa maana hapo tafsiri imesema jambo ambalo chombo hakikulifanya, na msomaji hana njia ya kugundua. Ndiyo maana napendekeza leja fungamani. Neno kufungamana wananchi walikwisha kulizoea tangu enzi za nchi zisizofungamana na upande wowote, nalo linaeleza barabara hali ya kurasa. Kwa lile jambo la pili, istilahi haitoshi. Mfasiri na ajizoeze kuongeza maneno yanayomtaja mwenye kuishika: leja fungamani ya shirika moja, leja fungamani ya mashirika mawili, leja fungamani ya wanakijiji. Jina litarefuka kidogo. Mkataba wa Serikali unavumilia urefu kuliko unavyovumilia utata.

Siwezi kuliacha jambo hili bila ya kutaja neno letu wenyewe lililokwenda mbali. Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, Wakenya kadha na wenzao walitengeneza, mapema 2008, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na kuziweka katika ramani. Wakaiita Ushahidi. Tetemeko la ardhi lilipoiangusha Port-au-Prince, Haiti, tarehe 12 Januari 2010, programu hiyo ilitumika kuonyesha mahali penye shida, na watu waliweza kutuma ujumbe bila malipo kwa nambari 4636. Ujumbe ulikuja kwa Krioli ya Haiti, lugha ambayo waokoaji wengi kutoka nje hawakuijua. Walioufasiri walikuwa wajitoleaji, wengi wao Wahaiti waishio ng'ambo, ambao pamoja na kuijua lugha waliyajua majina ya mitaa ambayo ramani hazikuyaandika. Minara, nambari na ramani visingefaa kitu bila ya hao. Wafasiri wenzangu wanaodhani kwamba kazi yetu huanza baada ya vyombo kununuliwa na waitazame Haiti.

Kuhusu jina lenyewe, nimesikia mwalimu mmoja akilikosoa kwamba mtu aliyefukiwa na kifusi hatoi ushahidi bali anaomba msaada. Kwa upande mmoja asema kweli. Lakini ushahidi ni neno la mahakamani, na lina desturi ya mahakama ndani yake: linapokelewa, kisha linapimwa. Taarifa zinazokuja kwa kupokezana zinahitaji desturi hiyo kuliko taarifa za mbiu, kwa sababu niliyoieleza nilipozungumza juu ya yowe. Jina hilo naliunga mkono.

Yamebaki majina ya watu. Wahanga tuliache, mhanga ni anayejitoa au anayetolewa kafara, na aliyezolewa na maji usingizini hakujitoa. Kati ya waathirika, ambao aghalabu ndio wa Tanzania, na waathiriwa, ambao aghalabu ndio wa Kenya, kila upande una hoja: kauli ya kutendeka haina mtendaji na inafaa kwa tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang mwezi Desemba 2023, ilhali kauli ya kutendwa inafaa pale ambapo yuko mtu aliyesababisha. Sioni haja ya kulazimisha moja. Neno ninaloliona baya ni 'wanufaika', lililojaa katika fomu za kupokelea misaada. Mtu amepoteza nyumba, mbuzi na pengine mtoto; anapewa kilo kumi za unga, na safu anamotia dole gumba imeandikwa 'jina la mnufaika'. 'Mlengwa' si bora sana, kwa sababu humfanya kama shabaha. Mpokeaji lingetosha. Linasema alichofanya bila ya kumpongeza, linakubaliana na istilahi ya kupokezana tuliyoipendekeza, na wapiga chapa wanaohofia safu nyembamba za fomu hawana pa kulalamikia, kwa kuwa halizidi mnufaika hata kwa herufi moja.